Mwalimu wa Mashine na Mabano Matatu

Nimemfahamu miaka mitatu na sijawahi kumwona akiwa hajachoka. Asubuhi alifika amechoka, jioni akaondoka amechoka kiasi kilekile, hakikupanda wala kushuka, kana kwamba uchovu ni sare aliyopewa na hajaruhusiwa kuivua. Akikaa, kiti kinalia. Akiinuka, analia yeye. Mimi na Masanja, rafiki yangu wa dawati moja, tulikuwa tukishindana kwa karanga: leo atasinzia kabla ya kuita majina au baada? Masanja alikula karanga nyingi sana mwaka ule.

Shule nzima ilimwita mwalimu wa mashine, hata mkuu wa shule. Kabla ya kuja kwetu Mkolani alifanya kazi kwenye chama cha ushirika cha pamba, katika chumba chenye kiyoyozi na kompyuta kubwa kama kabati la nguo. Kisha soko huria likaingia, wanunuzi binafsi wakafika vijijini na mizani zao, chama kikanywea, naye akapunguzwa. Ndivyo alivyosema mwenyewe, "nilipunguzwa", kama tawi la mti linalojieleza.

Kwetu alikuja kujitolea. Wageni fulani walikuwa wameiachia shule kompyuta moja, ikakaa stoo miezi pamoja na majembe, hadi yeye alipojitokeza akasema anaijua. Bodi ya shule ikampa chumba na sharti: mpaka mwisho wa muhula wa pili wa mwaka unaofuata aonyeshe kitu cha maana ambacho wanafunzi wamekifanya kwa mashine ile. Akiweza, anapewa barua ya ajira na chumba kinabaki chake. Asipoweza, mashine inahamia ofisi ya mkuu ikachape mitihani, naye anakwenda zake. Tulilijua sharti hilo sote, maana alitutangazia siku ya kwanza kwa sauti ileile aliyotumia kutangaza kwamba viatu vinavuliwa mlangoni.

Viatu, ndiyo. Vumbi, alisema, ni adui wa kwanza wa mashine, wa pili ni sisi. Kwa hiyo elimu yote ya kompyuta mimi naikumbuka kwa harufu ya soksi. Yeye mwenyewe alikuwa na soksi moja iliyotoboka kidoleni, na kile kidole kilikuwa kikichungulia kila akianza kueleza jambo gumu. Mashine alikuwa ameifunika kwa kitenge cha maua mekundu, na kukifunua hakumruhusu mtu. Alikikunja mara nne, akakiweka juu ya goti, akapumua. Hapo ndipo somo limeanza.

Msemo wake mkubwa ulikuwa swali: "Umesoma au umekisia?" Ukimpa jibu sahihi, swali hilo. Ukimpa jibu baya, swali hilohilo. Alichukia kukisia kuliko alivyochukia ujinga. Nami nilikuwa na mchezo wa kummalizia sentensi zake. Alikuwa anaongea polepole mno, mtu unashindwa kuvumilia. Akisema "Leo tutajifunza namna ya…", mimi "…kusinzia, mwalimu!" Hakuwahi kunichapa. Alikuwa anarudi mwanzo wa sentensi tu na kuianza upya. Siku moja nilimmalizia mara nne mfululizo, kengele ikalia hajafika kwenye kitenzi.

Alitaka tutengeneze lugha. Nasema kweli. Si kujifunza lugha, kuitengeneza: lugha ndogo ya kuiamuru kompyuta kwa Kiswahili, ili ukiandika ANDIKA 3 + 4 mashine ikuletee saba, bila kupita kwenye Kiingereza kilichokuja nayo. Wengi walitoka siku hiyohiyo wakaenda kwenye mpira. Tulibaki saba. Mimi nilibaki kwa sababu chumba kile kilikuwa na pangaboi.

Mashine, alisema, haielewi mstari. Inaona herufi zimetawanyika kama dagaa kwenye turubai. Lazima uitengenezee kitu cha kuuchambua ule mstari: hili neno ni amri, hii ni namba, hii ni alama, hapa mabano yamefunguka. Kitu hicho alikiita kichambuzi, kutokana na miaka yake ya pamba. Kinu cha kuchambulia pamba kinapokea pamba iliyochangamana na mbegu, kinatoa nyuzi upande huu na mbegu upande ule. "Na hakikisii," aliongeza, kidole kikichungulia. "Kinachukua kilichopo mbele yake, kimoja, basi."

Shida ilikuwa umeme. Siku zile za mgao, Mkolani tuliupata mchana mara tatu kwa wiki, na hizo mara tatu ulikuwa unakatika ukijisikia. Basi mwalimu wa mashine akatugeuza sisi kuwa mashine. Mpaka leo sijamwona mwalimu mwingine akifanya hivyo.

Mpango ulikuwa hivi. Mmoja ni Msomaji: anashika mstari ulioandikwa kwenye karatasi ndefu, anausoma kipande kimoja kimoja, na kila kipande anampa anayefanya hesabu. Anayefanya hesabu anaandika kwenye kikaratasi chake. Lakini Msomaji akikuta mabano yamefunguka, yule wa hesabu anaganda pale alipo na kikaratasi mkononi, na Msomaji anamwinua mtu mpya, anamwambia: "Simama, chukua." Huyo mpya anafanya ya ndani ya mabano mpaka yafungwe, anamletea aliyeganda namba moja tu, anakaa. Ndani kukiwa na mabano mengine, huyo naye anaganda, anainuliwa mwingine. Rahisi. Ng'ombe angeweza, kama angekubali kuvua viatu.

Msomaji akawa Kabula, binti wa kidato cha kwanza, njuka kama tulivyowaita wageni wa shule, kutoka Buhongwa, mdogo kuliko wote, mwenye macho makali ya kusoma na sauti ya mtu aliyefungiwa chumba cha pili. Sisi wengine tulikuwa wa kidato cha tatu na cha nne. Wiki mbili tulizunguka chumbani na soksi zetu, na kila mstari mwalimu aliotupa, wenye mabano na usio na mabano, tulitoa jibu sahihi. Akafurahi, yaani akasinzia vizuri zaidi. Umeme ulipokuja, tukaingiza kwenye mashine hatua zetu zilezile, kama tulivyozifanya kwa miguu. ANDIKA 3 + 4: saba. ANDIKA 2 * (3 + 4), ile nyota ndiyo alama ya kuzidisha: KOSA.

Tukarudi sakafuni. Kumi na nne. Kwenye mashine. KOSA.

"Mashine inakataa, ninyi mnakubali," alisema. "Mmoja wenu anadanganya, na mashine haijui kudanganya."

"Labda nayo imepunguzwa, mwalimu," nikasema.

Wenzangu waliangua kicheko. Yeye alinitazama kidogo, si kwa hasira. Ningefurahi kama ingekuwa hasira. "Simama kwenye nafasi yako," akasema. "Fanyeni tena." Safari hii hakutazama karatasi wala nyuso. Aliinama kwa shida, mikono magotini, akatazama miguu.

"Kabula."

"Abee, mwalimu."

"Hapa mabano yamefunguka. Umemwinua nani?"

"Hakuna, mwalimu."

"Sasa hii saba imetoka wapi?"

"Nimejumlisha mwenyewe kichwani, nikampa kaka."

Kaka ndiye mimi. Wiki mbili nilikuwa nimeganda sekunde moja moja, napokea namba, na wala sijajiuliza kwa nini hakuna mtu anayeinuka. Nilidhani ni utaalamu.

"Kwa nini hukumwinua mtu?"

Kabula akatazama sakafu. "Waliokaa wote ni kidato cha tatu na cha nne, mwalimu. Mimi nitawatumaje?"

"Njuka ana adabu huyu!" Masanja akapiga makofi. "Mpeni soda!"

Mwalimu wa mashine hakucheka. Alikaa, kiti kikalia, akatueleza kwa dakika nyingi kwamba adabu ya Kabula ndiyo iliyokuwa imeua kichambuzi chetu. Alikuwa amebeba kazi ya watu wote kimyakimya ili asimsumbue mkubwa, jibu likatoka sahihi, na kwa kuwa jibu lilikuwa sahihi hakuna aliyejua kwamba njia haipo. Tulipoiandikia mashine, pale penye mabano tukaiachia pengo, maana hata sisi hatukuwa tumefanya chochote pale. "Kanuni haina kidato," akasema. "Mabano yakifunguka, aliye karibu anainuka. Awe nani, awe nani."

Akamfundisha kutuma. Hilo lilichukua wiki nzima, na lilikuwa gumu kuliko kompyuta. Kabula akisema "Simama", goti lake linakunjika lenyewe. Akisema "Chukua", anatanguliza "naomba, kaka". Mwalimu anamrudisha: "Usiseme naomba. Usiseme kaka. Mashine haiombi." Mwishowe alimwamuru amtume yeye mwenyewe, mwalimu, mzee wa mvi. Kabula alitoa "simama" ya kwanza kama mtu anayeungama dhambi. Mzee akainuka, akalia kama kawaida yake, akaganda na kikaratasi mkononi kama mwanafunzi. Mara ya kumi sauti ya Kabula ilikuwa imenyooka. Mara ya ishirini hata mimi nilikuwa nikiinuka kabla sijafikiri, na mimi kuinuliwa na njuka ni jambo ambalo mama yangu angelisimulia kanisani.

Jumatano moja umeme ulikuja, tukaandika upya sehemu ya mabano, mashine ikatoa kumi na nne. Mzee akafuta, akaandika tena. Kumi na nne. Akaizima, akaiwasha, akaandika tena, mara tano. Kisha akasema, "Haya, nendeni nyumbani," na ilikuwa saa nne asubuhi.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nikiacha hapo nitakuwa nampamba. Mtu huyu aliyetuhubiria kwamba kanuni haina kidato, mwenyewe alikuwa anataka shikamoo ya kusikika. Ukiitoa nusu anakaa kimya mpaka uirudie. Mkuu wa shule alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, lakini akipita tu dirishani mzee anasimama, hata kama mkononi ana kikombe cha chai ya rangi na chai inamwagika. Mama mwenye nyumba aliyopanga alikuwa ameambiwa kwamba yeye ni mwajiriwa wa kudumu wa shule. Nililijua hilo kwa sababu shangazi yangu alipanga nyumba hiyohiyo. Kila asubuhi mzee alifunga tai kwa ajili ya yule mama, akaifungua akikaribia shule, akaitia mfukoni. Nilipomtania kuhusu tai alisema, "Inanibana." Basi.

Siku ya bodi ilifika, na umeme haukufika.

Wa kidato cha nne walikuwa kwenye mtihani wa majaribio, kwa hiyo tulibaki mimi, Masanja, Kabula na mwalimu. Bodi ilileta mtu mmoja, mwenyekiti wake, mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri vya baiskeli mjini, mpole, anayeongea Kiswahili kuliko sisi. Alivua viatu bila kuambiwa. Mkuu alivua vyake baada ya kuona mwenyekiti amevua, akakaa kiti cha mbele.

"Mashine imelala," mwenyekiti akasema akitazama kitenge.

"Umeme, mzee," mwalimu wa mashine akajibu. "Lakini kinachofanya kazi si umeme. Nitakuonyesha bila umeme."

Mwenyekiti akapenda. Akaomba karatasi, akaandika mstari wake mwenyewe, jibu akaliandika kwenye karatasi nyingine, akalitia mfuko wa shati. Mstari ulikuwa huu: ANDIKA 2 * (3 + (4 * (1 + 1))). Mabano matatu, moja ndani ya jingine. Hatujawahi kufika matatu.

Kabula akashika karatasi. Nikapewa mbili, nikapewa alama ya kuzidisha, mabano yakafunguka, nikaganda. "Masanja, simama, chukua." Masanja akapewa tatu na alama ya kujumlisha, mabano yakafunguka, akaganda. "Mwalimu, simama, chukua." Mzee akainuka. Nne, alama ya kuzidisha. Mabano yakafunguka, mzee akaganda na kikaratasi chake.

Na Kabula akatazama mbele. Mwenyekiti alikuwa dirishani, mbali, ndiye aliyetunga swali. Aliye karibu alikuwa mkuu.

Niliona anavyofikiri. Hakukisia. Alisoma kipande kilichopo, akafanya alichofundishwa.

"Mkuu, simama. Chukua moja."

Bila naomba. Bila goti. Sauti imenyooka kabisa, mkono umenyoosha karatasi.

Nimechekesha watu tangu darasa la pili, na najua kimya cha kila aina. Kile sikuwa nakijua. Mwenyekiti aligeuka kutoka dirishani. Mkuu alikuwa ameweka mikono miwili magotini, mwili umeegemea mbele kidogo. Mimi nilikuwa karibu naye, na naapa alikuwa katika kuinuka. Labda alikuwa anainuka atoke nje. Labda alikuwa anainuka achukue moja. Hatutajua, maana mwalimu wa mashine hakusubiri.

"Kabula," alisema haraka, yeye ambaye hakuwahi kusema kitu haraka. "Umekosea. Kaa chini."

Kabula akabaki na mkono angani.

"Kaa chini. Samahani, mkuu, ni mtoto." Kisha akamgeukia mwenyekiti, akapiga hesabu yote kichwani, ya kwake, ya Masanja na ya kwangu. "Jibu ni ishirini na mbili."

Mwenyekiti akatoa karatasi mfukoni. Ishirini na mbili. Akapiga makofi, mkuu akapiga makofi, mimi na Masanja tukaulizwa majina. Wiki iliyofuata barua ya ajira ikaja, ina mhuri.

Kabula hakurudi chumbani. Shuleni alikuwepo kila siku. Akikutana na mwalimu wa mashine anamwamkia shikamoo ya kusikika, goti limekunjika sawasawa, anapita. Mzee anaitikia marahaba, kisha anabaki amesimama pale kwa muda, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Chumba kilipakwa rangi. Wanafunzi wakajaa, wakawa wanajifunza kuchapa barua. Kichambuzi hakikuguswa tena. Nilimuuliza mara moja, akasema, "Tutaendelea." Sikummalizia sentensi. Hakukuwa na sentensi.

Mwezi uliopita, mimi nikiwa sasa kidato cha nne, aliniita pembeni baada ya vipindi. "Unapajua kwao Kabula?"

"Napajua, mwalimu. Buhongwa, nyuma ya mashine ya kusaga."

"Nipeleke."

Tulikwenda kwa miguu, Jumapili alasiri. Alipumzika mara sita. Mama yake Kabula alikuwa anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juu ya mwamba, akatukaribisha, akatutolea vigoda viwili, akamwita binti yake. Kabula akatoka ndani, akaamkia. Mzee akaitikia. Nikasubiri azunguke, maana wakubwa wakitaka kukiri jambo huanzia kwenye mvua. Hakuzunguka.

"Siku ile hukukosea."

"Najua, mwalimu," Kabula akasema.

Alisema kwa upole kabisa. Mzee akatikisa kichwa kama aliyepewa namba aliyoitarajia.

"Nimekuja kukuomba urudi."

Kabula akaingia ndani, akatoka na daftari, akampa kwa mikono miwili. Alikuwa ameandika kichambuzi kizima, peke yake, mwaka mzima. Mzee akavaa miwani. Nilichungulia begani kwake. Mabano yakifunguka, Kabula hamwinui mtu. Anaandika alipofikia kwenye kikaratasi, anakilaza chini, anaanza ya ndani. Yakifunguka tena, kikaratasi kingine juu ya kile. Yakifungwa, anaokota cha juu, anaendelea pale alipoachia. Hata mabano yawe mia. Msomaji mmoja na rundo la vikaratasi.

Mzee alichukua michembe mitatu bapa kutoka kwenye ungo iwe vikaratasi, akaupitisha mstari wa mwenyekiti hatua kwa hatua, akiweka na kuokota. Ishirini na mbili. Akarudia. Ishirini na mbili.

"Na wa kutumwa yuko wapi?" akauliza.

"Hayupo, mwalimu. Simtumi mtu."

Akalifunga daftari. "Ni bora kuliko changu," akasema. "Kinatakiwa kiingizwe kwenye mashine."

"Nataka kukiingiza." Kabula alikuwa anatazama michembe. "Nitakuja siku ambayo wewe hupo."

Mama yake akashtuka. "Kabula! Unaongea na nani hivyo?"

"Mwache, mama," mzee akasema. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Sijawahi kusikia amekosekana kwenye chumba cha mashine. Jumamosi yupo, sikukuu yupo, likizo yupo, anapangusa vumbi lisilokuwepo.

"Jumamosi sipo," akamwambia. "Ufunguo nitauacha kwa mlinzi."

"Asante, mwalimu."

Tuliporudi, jua lilikuwa bado kali barabarani. Nilitafuta mzaha njia nzima sikuupata. Tulipofika karibu na Mkolani nikauliza tu, "Mwalimu, sasa Jumamosi utakuwa wapi?"



"Nitatafuta pa kukaa."